Vitabu vya uimbaji wa klasiki vinapingana: mwanafunzi ashike kipi?

#1 Mwana wa Makole

Wakuu, heshima kwenu.

Naimba tenori kwenye kwaya ya kanisa hapa Dodoma mjini. Sasa nimeamua kujifunza uimbaji wa klasiki kwa utaratibu, ule wa kusimama bila kipaza sauti na ukumbi mzima ukakusikia. Mwalimu wa karibu sina, kwa hiyo nimekimbilia vitabu. Nimeshusha viwili vya bure mtandaoni, cha Lilli Lehmann, mwimbaji wa opera wa Kijerumani, na kile cha Caruso na Tetrazzini, waimbaji wa opera wa Kiitaliano. Cha tatu, cha Richard Miller, mwalimu wa uimbaji wa Marekani, nimeazimwa.

Kinachonichanganya ni hiki. Chukua suala la pumzi peke yake. Miller anataka mbavu zibaki zimefunguka na kifua kisishuke. Walimu wa kwenye video, mmoja anasema tumbo lisukumwe nje, mwingine anasema livutwe ndani. Ukija kwa mwalimu wetu wa kwaya, neno lake ni moja tu: "Imbeni kwa tumbo!" Mimi nikifika E na F zilizo juu ya C ya kati, sauti inapasuka, na baada ya mazoezi ya jioni koo linawaka.

Naomba kujua: mwanafunzi asome nini, kwa mpangilio gani? Na kwa nini watu wakubwa kiasi hiki wanapingana?

#2 Besi la Nkuhungu

Nimeshachukua siti ya mbele. Besi hatupasuki sauti, sisi tunapasua spika tu.

#3 Babu Solfa

Kijana, karibu kwenye fujo.

Umeuliza kwa nini wanapingana. Miller mwenyewe alishalijibu hilo kwenye kitabu kingine, kilichotoka mwaka 1977 na kikachapishwa tena 1997 kwa jina la *National Schools of Singing*. Alizunguka Ulaya akalinganisha Waingereza, Wafaransa, Wajerumani na Waitalia. Akakuta kila taifa lina namna yake ya kushika pumzi, ya kuanza noti na ya kupitisha sauti kutoka chini kwenda juu. Wajerumani wengi wa shule ile ya zamani walipenda tumbo la chini lisukume nje. Waitalia walishika kile wanachokiita *appoggio*, kifua kimeinuka na mbavu hazianguki haraka. Sasa wewe umekusanya vitabu na video za mataifa manne ukavichemsha chungu kimoja, halafu unashangaa koo linawaka.

Kila mwamba ngoma huvutia kwake. Chagua shule moja ukae nayo. Ushauri wangu ni ya Kiitaliano, na kitabu ni *The Structure of Singing* cha Miller huyo huyo, 1986. Ndicho hicho ulichoazimwa? Kama ndicho, usikirudishe upesi.

#4 Dada wa Soprano

Shikamoo Babu. Hilo la mataifa nalikubali nusu tu. Lehmann na Caruso hawapingani kwa sababu ya pasipoti. Wanapingana kwa sababu wanaeleza wanavyo*hisi*, na hisia za mwili hazifanani kati ya mtu na mtu.

Mfungue Lehmann uangalie michoro yake. Kuna kichwa cha mtu kimekatwa ubavuni, na mistari imechorwa kuonyesha kila noti anaihisi wapi: hii nyuma ya meno, hii kwenye paji la uso, hii juu kabisa ya utosi. Sauti haiendi utosini, huko hakuna pa kupita hewa. Yeye ndivyo alivyohisi mtetemo. Na huyu ni mama aliyeimba Bayreuth mwaka 1876, kule Ujerumani, mtunzi Wagner alipotoa opera zake nne za Ring nzima kwa mara ya kwanza, kwa hiyo hisia zake zilikuwa za mwili uliokwishajengeka. Mwanafunzi akizifuata kama maelekezo, anaanza kusukuma sauti utosini, shingo inakaza.

Kwa hiyo Mwana wa Makole, Lehmann msome, lakini msome kama kumbukumbu za msanii. Usimfanye mwongozo wa mazoezi.

#5 Chamwino Original

Mimi nilivyoona mchoro wa kichwa chenye mistari nilidhani ni dawa ya kipandauso.

#6 Fundi Kinanda

Mnampa kijana nadharia wakati koo linaungua. Anahitaji kitabu cha kuimba, siyo cha kusoma kuhusu kuimba.

Nicola Vaccai, *Metodo pratico*. Kipo bure IMSLP, ile maktaba ya nota ya mtandaoni, kurasa chache. Ni masomo kumi na tano, na kila somo ni wimbo mdogo wenye maneno ya mshairi Metastasio. Hakuna "aaa" za kuchosha. Somo la kwanza, *Manca sollecita*, limejengwa juu ya skeli tu, noti zinapanda na kushuka jirani kwa jirani. Halafu unaingia kwenye kuruka: tatu, nne, tano, sita, saba, oktava. Baada ya hapo nusu-toni, sinkopa (mkazo unaokwenda kinyume na pigo), mapambo, na karibu na mwisho resitativo (kuimba kama unaongea). Mtu akikitoka salama, arias (nyimbo za opera za mtu mmoja) za Kiitaliano hazimtishi.

Na aliyekitunga alikuwa akiwafundisha wanafunzi wa konsevatori ya Milan, kwa hiyo ujue ni kazi ya darasani.

Vaccai akikwisha, shika Concone, opus 9, mazoezi hamsini. Hapo ndipo pumzi inapopatikana, kwa sababu sentensi zake ni ndefu na hazikupi mahali pa kujificha.

#7 Ihumwa Stesheni

Fundi, sahihisho dogo. *Metodo pratico* kilitoka London, 1832, wakati Vaccai anafundisha huko. Milan alikwenda kufundisha baadaye, mwaka 1838. Na wanafunzi wake wa London wengi walikuwa watu wa kujifurahisha tu, wanaotaka kuimba Kiitaliano sebuleni. Ndiyo maana alitumia nyimbo fupi zenye maneno: aliona watu wale watakimbia wakipewa skeli kavu.

Hilo linamfaa mleta mada kuliko unavyodhani. Naye hayupo konsevatori.

#8 Fundi Kinanda

Ahsante Ihumwa, nimelipokea. Vaccai anabaki pale pale.

#9 Mpwapwa Tena

Nauliza kama mchokozi. Marehemu Hukwe Zawose, mtoto wa Doduma hapa hapa kwetu, alisoma Vaccai ipi? Yule mzee aliimba chini kama besi na juu kama mtoto, ilimba (kinanda cha vidole) mkononi, Ulaya nzima ikanyamaza. Hakuna kitabu. Kina mama wa Kigogo wanaopiga ngoma ya muheme wanaimba sauti zinazopishana bila mtu kuwaandikia nota. Ninyi mnahangaika na Waitalia.

#10 Mwl. wa Fizikia

Mpwapwa, Zawose hakusoma kitabu, lakini shule alikuwa nayo, tena ndefu. Ni shule ya ukoo na ya kijiji: unasikiliza tangu ukiwa mgongoni kwa mama, na wakubwa wanakukosoa papo hapo. Baadaye yeye mwenyewe akawa mwalimu pale Bagamoyo, kwenye Chuo cha Sanaa. Anayejifunza opera akiwa Makole hana kijiji cha opera cha kukulia. Kitabu ni fidia ya kile kijiji.

Na niongeze maelezo ya tatu kuhusu kupingana, maana Babu kasema mataifa na Dada kasema hisia. Mimi nasema ni suala la wakati. Vitabu vingi vya zamani viliandikwa kabla mtu hajaweza kupima chochote. Tosi, mwalimu wa uimbaji wa Kiitaliano, alichapisha chake Bologna mwaka 1723, na humo anatomia hakuna, kuna sikio la mwalimu tu. Kuziona nyuzi za sauti zikifanya kazi kuliwezekana mwaka 1854, mwalimu wa uimbaji Manuel Garcia alipotumia kioo cha daktari wa meno na mwanga wa jua akaangalia koo lake mwenyewe. Kupima sauti kwa mashine kumeshika kasi karne ya ishirini.

Ukitaka kitabu kinachoeleza kwa nini sauti ya opera inasikika bila spika, msome Johan Sundberg, *The Science of the Singing Voice*, 1987. Msweden huyu anaonyesha kwamba okestra ina nguvu nyingi karibu na mitetemo 500 kwa sekunde, halafu nguvu inashuka kadiri unavyopanda. Mwimbaji mwanaume aliyefundishwa anajenga mlima wa nguvu karibu na 3,000, mahali ambapo okestra imeshachoka na sikio la binadamu liko macho sana. Hapigani na okestra kwa ukubwa, anapita pale ilipoacha nafasi. Mlima ule unatokea pale mwanya wa juu ya zoloto (kisanduku cha sauti) unapokuwa mwembamba na koromeo limepanuka.

Ukishaelewa hivyo, utaacha kupiga kelele.

#11 Besi la Nkuhungu

Mwl. umeua. Sasa nimejua kwa nini tenori wetu mmoja anasikika hadi Barabara ya Nane bila spika.

#12 Dada wa Soprano

Mwalimu, ongeza basi kwamba mlima ule ni habari ya wanaume zaidi, na alto kidogo. Sisi soprano tukiwa juu kabisa tunafanya kitu kingine, na Sundberg huyo huyo ndiye aliyekipima: tunafungua taya ili mwangwi wa mdomo ukutane na noti yenyewe. Ndiyo sababu juu kule "i" na "a" zinafanana na watu hawasikii maneno. Mwalimu wetu wa kwaya anatugombeza tutamke vizuri kwenye A ya juu. Siyo uvivu jamani, ni fizikia.

#13 Kondoa Kwetu

Hakuna aliyegusa vumbi.

Tupo kwenye mita kama 1,100 juu ya bahari. Kuanzia Mei hadi Novemba mvua hakuna, upepo wa Agosti unabeba udongo mwekundu unaingia hadi kwenye sahani. Unafanya mazoezi jioni kwenye jengo la bati ambalo feni zinapuliza vumbi usoni. Nyuzi za sauti zinataka utelezi. Vitabu vya watu waliokaa London na Milan kwenye unyevu wao havitakwambia hili, lakini kitabu cha mtafiti wa sauti Ingo Titze, *Principles of Voice Production*, kinaeleza kwamba nyuzi zikikauka zinadai msukumo mkubwa zaidi wa hewa ndipo zianze kutetemeka. Sasa wewe unasukuma, unadhani ni mbinu mbovu ya pumzi, kumbe ni ukavu.

Mimi kiangazi nafanya hivi: maji tangu asubuhi, siyo yale ya kugugumia dakika tano kabla ya kuimba, maana maji hayagusi nyuzi, yanapita njia nyingine. Mvuke wa maji ya moto jioni. Na kuna zoezi la mrija, ambalo huyo Titze ndiye aliyelipigia debe sana: chukua mrija wa soda, uweke mdomoni, imba skeli kupitia mrija peke yake. Ukitaka, chovya ncha kwenye chupa ya maji yenye kina cha vidole viwili, mapovu yatoke sawasawa bila kukatika. Mapovu yakikatika ujue pumzi imeyumba. Ukimaliza, imba sentensi ile ile bila mrija, utaona sauti imekaa mbele na koo limetulia.

#14 Chamwino Original

Nimelijaribu la mrija hapa ofisini Mtumba. Bosi ameuliza kama nina mtoto mdogo chini ya meza.

#15 Mama Kwaya Area C

Wanangu, na chakula je? Mazoezi yanaisha saa tatu usiku, mnapitia chipsi mayai, mnalala. Asidi inapanda usiku kooni, asubuhi sauti nzito. Kijana anayesema koo linawaka, kabla ya kununua kitabu akamwone daktari wa masikio, pua na koo. Mdogo wangu alisema ni mafua kwa muda mrefu, kumbe alikuwa na vinundu kwenye nyuzi za sauti. Akanyamazishwa, akapona, anaimba hadi leo.

#16 Mpwapwa Tena

Mama, umesahau mvinyo wetu wa zabibu. Au huo unalainisha?

#17 Mama Kwaya Area C

Unakausha. Na wewe nakufahamu, uliimba besi kwenye harusi ile ukiwa umelainishwa vizuri tu.

#18 Ihumwa Stesheni

Caruso mwenyewe alikuwa mvutaji wa sigara wa kutupwa na akawa Caruso. Simaanishi tumuige. Nataka kusema kwamba vitabu vya masupastaa vina tatizo hilo: mtu aliyezaliwa na koo la chuma anakupa sheria ambazo yeye asingevunjika hata angezivunja. Haya ndiyo maelezo yangu ya nne, wekeni kwenye orodha.

#19 Mwana wa Makole

Nawashukuru wote. Nijibu machache.

Nina miaka 27. Kwenye kwaya niliwekwa tenori kwa sababu tenori walikuwa wawili na besi walikuwa tisa. Chini nafika G ya besi bila shida. Juu, kama nilivyosema, E ikiingia mambo yanaharibika, nikilazimisha F inatoka kama kelele, nikilegeza inakuwa ile sauti nyembamba ya juu. Koo linawaka zaidi kiangazi, hilo Kondoa umenigusa. Kwa daktari sijafika, Mama, nitakwenda.

Nota nasoma za solfa kwa haraka. Za mistari mitano nasoma kwa kuhesabu vidole.

#20 Babu Solfa

"Tenori walikuwa wawili." Hapo ndipo ugonjwa ulipo!

Kijana, wewe ni baritoni. Kamsome Miller sehemu ya maeneo ya mpito, yaani noti ambazo sauti inabadilika ikipanda. Kwa tenori wa aina ya liriki, mpito wa kwanza anauweka kwenye D iliyo juu ya C ya kati na wa pili kwenye G. Kwa baritoni wa liriki anaweka B iliyo chini ya C ya kati na E. Wewe umetaja E kwa mdomo wako. Unagonga mlango wako wa pili kila Jumapili na unalazimika kuimba juu yake sala nzima, ukiwa umebeba sauti ya kifua ile ile ya chini. Siyo pumzi, siyo vumbi, siyo mvinyo. Ni sare ya mtu mwingine umevalishwa.

#21 Dada wa Soprano

Babu, kwa heshima zote, huwezi kumgawia mtu sauti kupitia uzi. Tenori wengi ambao hawajafundishwa wanapasuka hapo hapo kwenye E na F kwa sababu hawajajifunza kubadilisha vokali na kupunguza uzito wanapopanda. Na baritoni wengi wana F nzuri. Noti aliyokwamia mwanafunzi haikuambii aina ya sauti, inakuambia mahali alipokwamia. Huyo huyo Miller ana kitabu kizima cha tenori, *Training Tenor Voices*, 1993, kinachohusu kuuvuka mpito huo kwa mtu ambaye *ni* tenori.

Unavyomwambia "wewe ni baritoni" leo, mwakani tutampoteza tenori mmoja. Na tenori Dodoma wenyewe tunawatafuta kwa tochi.

#22 Babu Solfa

Tunawatafuta kwa tochi kwa sababu tunawaua tukiwapata.

#23 Besi la Nkuhungu

Hahaha, mzee hana huruma. Aje besi, tupo tisa, wa kumi hatutamkataa.

#24 Singida Alizeti

Naingia na hoja ya lugha, maana kila mtu anasema pumzi.

Sisi tuna bahati ambayo hatuitumii. Vokali zetu tano zimekaa wazi, silabi zetu karibu zote zinaishia kwa vokali, na Kiitaliano cha nyimbo kinataka hicho hicho. Mwingereza anahangaika aseme "o" isigeuke "ou" katikati ya noti ndefu. Sisi "o" yetu inakaa ilipo. Mwanafunzi wa Kiswahili anaweza kuanza na Vaccai bila kupoteza muda mwingi kwenye matamshi.

Tunaponaswa ni sehemu mbili. Kwanza Kiitaliano kina "e" mbili na "o" mbili, ya wazi na ya kufunga, na sisi tunazitamka zote kwa namna moja. Pili ni konsonanti mbili mfululizo. *Sollecita* ina "l" mbili, na lazima ulimi ukae pale kidogo kabla ya kuachia. Kwa hili kitabu ni cha John Moriarty, *Diction*, 1975, Kiitaliano, Kilatini, Kifaransa na Kijerumani kwa pamoja. Kilatini kitawafaa kwenye misa zenu pia.

#25 Mpwapwa Tena

Na wale wanaoimba "Bwana ni mchungaji wangu, sitapungukiwa na kitu" ikatoka "sitapunguliwa", Moriarty ana dawa?

#26 Singida Alizeti

Hao ni watani zangu, wanasubiri uzi wao.

#27 Fundi Kinanda

Turudi kwenye nota. Kijana anasoma solfa vizuri, hilo lisidharauliwe. Solfa hii ya John Curwen, aliyoichukua kwa mama mmoja wa Norwich, Sarah Glover, akaiboresha, ilitengenezwa kwa ajili ya waimbaji hasa, na sikio linalofundishwa nayo linajua uhusiano wa noti. Nina mwanafunzi anayeandika kila somo la Vaccai kwa solfa kwanza, analiimba, halafu ndipo anafungua mistari mitano na kuimba tena akiifuata kwa macho. Anajifunza vitu viwili kwa bei ya kimoja.

Kwa nadharia, *The AB Guide to Music Theory* cha Eric Taylor, juzuu mbili. Kinasomeka hata bila mwalimu.

#28 Mwl. Mstaafu Mvumi

Nimesoma kimya hadi hapa. Mmetaja Wajerumani, Waitalia, Msweden. Wanafunzi wa Tanzania wanaotaka kuimba kwa uzito wasome pia kazi za waliofikiri juu ya uimbaji wetu. Padre Stephen Mbunga aliandika *Church Law and Bantu Music*, kilitoka mwaka 1963, kabla Mtaguso wa Pili wa Vatikano haujamaliza kazi yake. Anahoji tuni za kigeni zinavyoyafanya maneno ya Kibantu, maana lugha zetu zina mwendo wake. Na Howard Olson, Mlutheri aliyefundisha chuo cha Makumira, alikusanya tuni za Wanyaturu na wengine akazitia maneno ya ibada. Nyimbo zile mnaziimba bila kujua zimetoka Singida.

Nalisema kwa sababu mnafundisha watoto kwamba sauti iliyojengeka ni ya Kiitaliano tu. Mwimbaji wa Kigogo anabadilisha rangi ya sauti katikati ya sentensi kwa makusudi. Shule ya klasiki inamwambia afiche mabadiliko hayo. Ni ladha mbili tofauti.

#29 Dada wa Soprano

Mwalimu, shikamoo. Nakazia. Ila kwa mtihani wa ABRSM, ile bodi ya mitihani ya muziki ya Uingereza, watamkata maksi akibadilisha rangi hivyo kwenye nyimbo za mtunzi Handel.

#30 Mwl. Mstaafu Mvumi

Marahaba. Basi Handel amwimbie anavyotaka Handel, na Zawose anavyotaka Zawose. Koo ni lake.

#31 Ihumwa Stesheni

Nani amemtaja Garcia? Mwl. wa Fizikia. Mleta mada asome *Hints on Singing*, 1894. Ni cha maswali na majibu, chepesi, na kiliandikwa na mzee aliyekuja kufikisha miaka 101. Humo utaona jinsi kitabu kinavyoweza kuleta madhara kikisomwa vibaya. Garcia alifundisha kuanza noti kwa kile alichokiita *coup de glotte*, yaani nyuzi zikutane kwa usafi kisha noti ianze bila hewa kuvuja. Watu wakasoma jina, wakadhani ni kugonga koo kama unavyokohoa. Wanafunzi wakaumia, yeye akalaumiwa, ikabidi aeleze tena uzeeni kwamba hakumaanisha hivyo.

Haya maelezo mengine ya kupingana: msomaji ndiye anayevipiganisha. Sura ya kwanza kabisa ya Miller inahusu hicho hicho, kuanza noti na kuiachia. Kabla hata ya pumzi! Mwana wa Makole, uliisoma au uliruka ukaenda kwenye pumzi?

#32 Mwana wa Makole

Niliruka.

#33 Besi la Nkuhungu

Anajibu kama yuko kwa padre.

#34 Singida Alizeti

Kwa nyimbo zenyewe, kila mtu anapewa ule mkusanyiko wa nyimbo na arias 24 za Kiitaliano wa wachapishaji Schirmer, 1894. Ni mzuri, upo bure, lakini mjue nyingi zimepikwa upya na mhariri Parisotti kwa ladha ya karne ya 19. *Se tu m'ami*, inayoandikwa jina la mtunzi wa zamani Pergolesi, wataalamu wanaamini Parisotti aliitunga mwenyewe. Hata mtunzi Stravinsky aliingia mkenge, akaitumia kwenye baleti yake *Pulcinella* akidhani ni ya Pergolesi. Ukitaka toleo lililosafishwa, tafuta la John Glenn Paton, nyimbo 26.

#35 Chamwino Original

Yaani hata Wazungu wanasingizia marehemu nyimbo? Nilidhani ni sisi tu kwenye kwaya.

#36 Kondoa Kwetu

Mleta mada, treni ya SGR ipo. Asubuhi unapanda, kabla ya mchana upo Dar kwa mwalimu wa kukusikiliza hata mara moja kwa miezi kadhaa, jioni unarudi. Kitabu hakina masikio.

#37 Mwana wa Makole

Nimeandika yote. Naanza na sura ya kwanza ya Miller na somo la kwanza la Vaccai, mrija kila asubuhi. Niko steshenari hapa jirani na Nyerere Square, nataka kuchapa Vaccai sasa hivi. Nimekuta IMSLP kuna matoleo ya sauti ya juu, ya kati na ya chini. Nichape lipi?

#38 Babu Solfa

La kati. Nimeshasema.

#39 Dada wa Soprano

La juu, ila masomo ya kwanza uyashushe toni moja hadi umwone mwalimu.

#40 Fundi Kinanda

Chapa la kati, Dada, na mimi nitampigia kinanda nikipandisha au kushusha kadiri koo linavyosema. Kijana, nitumie ujumbe pembeni. Na mwambie wa steshenari asibane waya juu, abane ubavuni, la sivyo kitabu kitajifunga kwenye kinanda.

#41 Mwana wa Makole

Mia kwa ukurasa, waya elfu mbili. Nimechapa ya kati na ya juu.

#42 Babu Solfa

Hela za vijana hizi.